Mwaka Uliokatwa Siku Kumi

Nakumbuka asubuhi moja hapa hapa mtaa wa Najma, Doha, kabla jiji hili halijachimbwa chini kwa ajili ya treni, nikiwa jikoni na kalamu nyekundu mkononi. Kalenda ilining'inia kando ya jokofu. Wasichana wengine niliowafahamu walikata siku jioni, ikishapita. Mimi niliikata ya leo asubuhi, chai haijachemka, kana kwamba siku ikishapigwa alama haitakuwa na nguvu ya kunichelewesha.

Mwanangu, Ijumaa iliyopita, siku yetu ya kanisa huku, baada ya ibada ulisimama nami pale mlangoni, sare yako ya ulinzi ukiwa umeikunja ndani ya mfuko. Ukaniambia mkataba wako bado una mwaka na zaidi, na kwamba ungepewa dawa ya kukulaza mpaka siku ya ndege, ungeimeza bila maji. Ulicheka. Mimi sikucheka, nikaona umeshangaa. Keti basi nikueleze.

Nilikuwa na umri kama wako. Nyumbani Taita nilimwacha mwanangu wa kuzaa, Mwakio, kwa mama yangu, akiwa ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kuegemezwa. Nilikuja huku kumhudumia mzee mgonjwa, Mlebanoni aliyefundisha historia maisha yake yote. Wote pale nyumbani, hata mkwewe, walimwita Ustadhi. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake Rima, aliyeolewa hapa Doha, akamleta aishi naye. Saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini. Madaktari walimwambia Rima kwamba huenda baba yake asimalize kiangazi. Na Rima mwenyewe alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza baada ya miaka ya kuomba na kulia.

Basi nyumba ile haikuwa na mtu aliyetulia. Nje joto limeshika, ndani kiyoyozi kinanguruma kutwa. Rima akipanga nguo za mtoto, anazipangua, anazipanga tena. Mzee akitembea na mkongojo wake kutoka kitandani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kitandani, ingawa alikatazwa. Mimi nikifuta meza niliyokwisha kuifuta. Usiku nilisikia sauti ya Mwakio akilia, nikishtuka nakuta ni mtoto wa jirani.

Asubuhi hiyo ninayokueleza, Ustadhi aliingia jikoni bila mimi kumsikia. Akaniona na kalamu. Akauliza ninafanya nini, nikamweleza. Alivuta kiti, akaomba chai, akaanza kunisimulia habari za mwaka mmoja wa zamani sana, mwaka elfu moja mia tano themanini na mbili, wakati hata ile ngome ya Mombasa ilikuwa haijajengwa.

Kwa kweli nilikereka. Nguo zilikuwa zinaningoja, naye alikuwa mtu wa kusimulia taratibu, kila jambo na mlango wake. Aliniambia mwaka huo huko Japani mtawala mkubwa alisalitiwa na jemadari wake, akafia ndani ya hekalu linaloungua. Urusi, mfalme mkali aliyeogopwa na kila mtu alipata mwana wake wa mwisho. Na huko Roma, mkuu wa kanisa aliona kalenda imeachana na jua, akaamuru siku kumi ziondolewe. Watu wa Italia na Hispania walilala Alhamisi, tarehe nne Oktoba, wakaamka Ijumaa, tarehe kumi na tano. Mtawa mmoja mashuhuri wa Hispania alikata roho usiku ule ule, kati ya tarehe hizo mbili.

Hapo nikaacha kukereka. Nilisimama na birika mkononi nikiwaza: siku kumi, zimekwenda, hakuna aliyezifanyia kazi. Nikasema, "Ustadhi, natamani wangenifutia na mimi zangu. Zote, mpaka siku ya kupanda ndege."

Mzee aliniangalia. Macho yake yalikuwa yamegeuka manjano kwa yale maradhi.

"Kama huzitaka, binti," akasema, "nipe mimi."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejitetea. Alikunywa chai yake, akashika mkongojo, akatoka. Mimi nikaificha kalamu kwenye droo kwa aibu.

Tangu hapo sikuigusa tena ile kalamu, lakini usidhani nilitulia. Mtu hatulii kwa kuambiwa mara moja. Nilichofanya ni kutafuta kazi ya kuipa siku. Niliona mikono ya mzee imekwisha nguvu, hata kikombe kilimtetemesha. Nikamuuliza mtoto akija atamshikaje. Akaitazama mikono yake, na nikajua nimegusa palepale panapomuuma. Nikachukua mfuko wa mchele wenye uzito wa mtoto mchanga, nikauzungushia taulo, nikamwekea mto chini ya kiwiko. Kila alasiri tukafanya mazoezi. Mwanzoni alichoka haraka, jasho likamtoka, akanirudishia mchele bila kunitazama. Baadaye akaweza kuushika huku akinisimulia habari zake za wafalme na vita. Rima alitukuta siku moja, baba yake amepakata mchele, akageuka akaenda kulia chumbani.

Siku ya kujifungua ilifika, ikapita. Mtoto hakuja. Hapo ndipo nilipomwona Ustadhi akishindwa kungoja. Asubuhi aliniuliza kama Rima ameshikwa na uchungu. Nikimpelekea dawa, anauliza. Nikimletea supu, anauliza. Alikuwa akipungua mbele yetu, naye alijijua. Mwishowe alipiga kiganja mezani, akasema leo anamwelewa yule mkuu wa kanisa, na yeye angekuwa na kalamu ile angezikata siku mpaka mtoto atoke.

Kisha akagundua alichosema. Akacheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo.

Alipotulia alisema maneno ambayo nimeishi nayo mpaka leo. "Walifuta majina tu, binti. Siku zenyewe hazikuguswa. Mwanamke mwenye mimba mwaka ule hakujifungua mapema hata kwa saa moja. Na mgonjwa hakuzidishiwa wala hakupunguziwa. Tungoje tusingoje, mtoto anakuja kwa miguu yake. Hebu nipe huo mchele."

Mtoto alizaliwa, wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi. Walipomleta nyumbani adhuhuri moja nilimkalisha Ustadhi kitandani, nikaweka mto, nikamwekea mjukuu. Mikono haikutetemeka. Alimshika mpaka mtoto akamlowesha, na nilipotaka kumchukua alinikataza kwa kichwa. Hata yule mkwewe, ambaye simu yake ya kazi haikunyamaza kamwe, aliizima.

Muda si mrefu likizo yangu ikafika. Tiketi ilikuwa tayari. Rima alinifuata jikoni, mtoto begani, akanisihi niahirishe, kwa kuwa baba yake hakuwa na muda mrefu tena na aliuzoea mkono wangu. Mwanangu, nilipasuka katikati. Mguu mmoja uko Taita, mwingine umekwama mlangoni kwa mzee. Ustadhi alisikia, akatuita wote wawili. Akamwambia binti yake kwa Kiarabu, kisha akanigeuzia kwa Kiingereza ili nisikie mwenyewe: "Mwanawe anamngoja. Mimi nilikwisha kupata nilichongoja. Mwache aende."

Nilimnyoa ndevu asubuhi ya safari. Tukaagana kama watu watakaoonana kesho, ingawa sote tulijua.

Nyumbani Mwakio hakunijua. Alikuwa anatembea, anasema, anamwita mama yangu Mama. Niliponyosha mikono alikimbia akajificha kwenye sketi ya bibi yake. Nilitaka kumnyakua nimlazimishe kunipenda siku ile ile. Nikakumbuka maneno ya mzee, nikakaa chini uani nikachambua maharagwe. Kesho yake tena. Alikuja kwa hatua zake, kwanza kuiba punje moja, halafu kukaa karibu, halafu siku moja kulala pajani kwangu bila kuitwa. Wiki hiyo Rima alipiga simu kunieleza kwamba Ustadhi amefariki, mchana, mjukuu akiwa amelala pembeni yake. Nililia uani huku mwanangu akinifuta uso kwa mkono wenye vumbi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikuambii uupende kila mchana wa kusimama getini kwenye joto lile. Uchungu wa kuwa mbali ni uchungu, usiupake sukari. Ninachokuambia ni hiki: usiitupe siku kwa sababu si ile unayoitaka. Hiyo ndiyo uliyopewa, na hakuna anayekuwekea nyingine mahali pake. Mpigie mama yako simu leo, si mwisho wa mwezi. Mjue anayelala kitanda cha juu yako, jina lake na kwao. Jifunze kitu. Kuna mtu hospitalini, hapo barabara ya pili tu, anayeiomba siku hii unayotaka kuilala. Na utakapofika nyumbani, wakikuona mgeni, usikasirike na usiwaharakishe. Kaa nao mpaka wakuzoee.

Mungu akupe siku zako zote, nyepesi na nzito, na akupe moyo wa kuzipokea ukiwa macho. Akulinde njiani kuingia na kutoka. Wanaokungoja wakukute mzima, nawe uwakute wazima. Amina. Haya, nenda, zamu isije ikakupita.