Zombi Alianzia Paji la Uso

Mimi ni mtu wa kinyaa. Unywele mmoja kwenye supu wanitosha kulala njaa, na kufundisha Kakuma hakujanibadilisha, pamoja na vyoo vyote vya shule nilivyovivumilia. Hata leo nikiikumbuka alasiri ile ya Lodwar, huenda kunawa uso.

Tulikuwa uani kwa mchumba wangu. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Namoruputh kuniangalia, mimi msichana wa kutoka Kenya, kama watu wa huku wanavyopaita popote palipo ng'ambo ya Kitale. Tangu asubuhi hakuwa ameniambia neno zaidi ya ejok, salamu yao ya Kiturkana. Mchumba wangu alikuwa amenieleza bila kupindapinda: mama akinikataa, harusi hakuna. Nami nilimpenda mwanamume huyo mpaka nikawa nakunywa maziwa yaliyonuka moshi huku nikitabasamu.

Mbuzi alichinjwa, tukakaa kungojea nyama, kimya. Mwalimu mwenzangu, aliyenisindikiza kutoka Kakuma, hawezi ukimya. Akatoa mkobani mchezo alioununua Nairobi, akasema tuujaribu, ni wa dakika chache tu. Mnagawana kadi, mnafumba macho. Aliyepata kadi ya zombi huzunguka polepole akiwapaka wenzake uji wa kijani mkononi. Ukipakwa hujipangusi wala husemi kitu mpaka kengele ya simu iliyotegwa ilie, ndipo mnapokisia zombi ni nani.

Akafungua kikopo cha uji wenyewe. Joto la Lodwar lilikuwa limeukausha ukawa mgumu kama kipande cha sabuni.

"Shida iko wapi? Si mbuzi amechinjwa?" akasema, akapotelea nyuma ya nyumba.

Alirudi na bakuli la majani yaliyosagika, yametoka tumboni mwa mbuzi sasa hivi, bado yanafuka mvuke. Harufu ilinifikia kabla yake: nyasi zilizochacha, mkojo, damu. Nzi walikuja nalo. Nilimchukia rafiki yangu kwa moyo wangu wote. Mchumba wangu alilitazama bakuli, akamtazama mama yake, akamweleza jambo kwa Kiturkana.

"Mimi pia nacheza," mama akasema.

Kadi zikagawanywa, tukafumba macho. Mara nikasikia shanga za shingoni mwa mama zikigongana, zikija kwangu. Zombi alikuwa amejulikana hata kabla hajaanza, na rafiki yangu akaguna kwa kicheko. Nikanyoosha mkono, nikabana pumzi.

Mkono wangu haukuguswa. Kiganja chenye joto kilitua kwenye paji la uso, kikashuka kifuani, kikanisugua tumbo. Maji ya majani yale yalinitiririka kwenye nyusi. Jani moja lilininasa mdomoni, nami nikaapa moyoni kwamba sitakula mbuzi tena maishani. Juu yangu mama alikuwa akinena kwa Kiturkana, maneno mafupi mafupi, na kila aliponyamaza watu wa nyumba hiyo waliitikia kwa pamoja. Kifungua kinywa kilinipanda hadi kooni.

Simu ikalia.

"Zombi ni mama!" Rafiki yangu alikuwa akicheka mpaka machozi, ameninyooshea karatasi ya shashi. "Jipanguse, mwalimu, utatapika!"

Niliipokea upesi. Nilikuwa nimeshaifikisha kwenye shavu mchumba wangu aliponiinamia.

"Usijipanguse," akasema taratibu. "Mama hachezi. Amekubariki. Hivi ndivyo tunavyompokea bibi harusi."

Mama alikuwa hanitazami usoni. Alikuwa akiutazama mkono wangu wenye karatasi. Rafiki yangu aliacha kucheka.

Nilimeza kilichokuwa kimenijia kooni, kichungu kama kilivyokuwa, nikaishusha karatasi, nikaikalia. Nilinuka kama zizi lililonyeshewa. Machozi yalinilengalenga, na sitadanganya kwamba yote yalikuwa ya furaha.

Hapo mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Sasa wewe ni mtoto yangu," akasema, akachota tena, kwa mikono miwili.