Bushi mpya za pikapu ya Bakari, na safari ya shemeji Mwanaidi

Wakuu, poleni na majukumu. Kisa hiki ni changu mwenyewe, na nitakieleza kilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha.

Enzi za ruksa, biashara huria ilipoanza, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijiji kimoja nje kidogo ya Kibiti. Mimi mtu wa Njombe, kule sikuwa na ndugu. Jirani yangu Bakari na mkewe Mwanaidi ndio walionifanya mtu wa nyumbani.

Bakari alikuwa ameuza korosho zake kwa wanunuzi binafsi, akanunua pikapu ya mtumba. Kuukuu haswa! Bushi za lower arm, zile za mpira zinazoshikilia mikono ya tairi za mbele, zilikuwa zimekwisha. Kila shimo, chuma juu ya chuma.

Ufundi kidogo ninao, nilikulia gereji ya mjomba. Nikamwambia Bakari akanunue bushi Dar, nitamfungia hapo hapo nyumbani. Akazileta, zikakaa ndani wiki kadhaa. Shule ilinibana.

Ndipo shemeji Mwanaidi akazidiwa na uvimbe tumboni. Mganga wa zahanati akaandika barua ya kwenda hospitali Dar, akasema wasikawie.

Siku hiyo tulipokuwa tunamrudisha nyumbani kwa pikapu, mimi nikiendesha, kila gari ilipogonga alikuwa anauma upindo wa kanga asipige kelele. Niliona kwenye kioo.

Bakari akataka waondoke kesho yake, Jumamosi. Wakuu, mimi ndiye niliyesema:

"Kaka, kwa hali hii utamtesa njia nzima. Nipe siku mbili tu."

Akaniamini.

Jumamosi asubuhi tukapandisha pikapu juu ya mawe, nikafungua arm zote mbili. Bushi za zamani zilikuwa zimeshikana na kutu, nyundo haikufua dafu. Tukazichoma kwa moto wa vifuu hadi mpira ukayeyuka. Harufu yake bado naijua.

Shemeji alikuwa amelala mkekani barazani. Akacheka kidogo.

"Shemeji mwalimu, mnaitengeneza hiyo au mnaichinja?"

Bakari naye akacheka. Nadhani ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka.

Kwa wanaofanya wenyewe: bushi mpya niliziingiza kwa boliti ndefu na washa, nikipaka maji ya sabuni. Na nati usizikaze gari ikiwa juu. Shusha kwanza ikae kwenye tairi zake, la sivyo mpira unajikunja na kuchanika mapema. Hilo nililijua, nikalifanya sawasawa.

Jumapili mchana, arm moja imeshafungwa, ya pili ipo mikononi mwangu, nikasikia dada yake Mwanaidi, aliyekuja kumuuguza, anaita ndani. "Bakari! Njoo, Bakari!"

Alikimbia na grisi mikononi. Mimi nikabaki naingiza boliti kama mwendawazimu, nikidhani tutawahi.

Kilio kikaanza kabla sijarudisha tairi.

Tulimzika kesho yake.

Siku ya tatu, gari nimeshaimalizia, Bakari akaniomba nimwendeshe Kibiti kuchukua wageni wa hitma. Barabara ile ile, mashimo yale yale. Gari ilikuwa imetulia, hata mlio hakuna. Tulipokaribia mjini ndipo akasema, "Angekaa vizuri, mwalimu."

Hakuwahi kunilaumu, hadi nilipohamishwa. Ningefarijika kama angenitukana.

Labda hospitali nayo isingeweza kitu. Sijui, na sitajua.

Ila nilichojifunza ni hiki: mgonjwa akiambiwa asikawie, mpakieni muondoke, hata kama gari inalia kama debe. Maumivu ya njiani yana mwisho wake.

Kama kuna aliyewahi kumcheleweshea mtu safari kwa nia njema, aniambie anaishi nalo vipi. Na wenye maswali ya bushi waulize pia, nitawajibu.