Darasa Iliyonyamaza

Mbele niseme kwa haki: kosa ni yangu, si ya masomo, ile shule ya kanisa.

Juzi nilipelekea binti yangu wa première, mwaka ya kwanza, uji ku masomo ya kanisa. Siye tulikimbia vita ya Djugu, na kule watoto wanasoma kwa sauti mpaka unawasikia barabarani. Hapa nilikuta kimya. Nikachungulia mu dirisha: watoto wote wanatazama ukuta, kila mumoja amejificha katikati ya mbao mbili, na mumoja ameinua bendera kidogo nyeupe, kama mutu anaomba wasimuue.

Nikapiga kelele: "Mulale chini! Wamefika!"

Watoto wakaingia chini ya meza, wengine wanalia. Mwalimu akatoka mbio.

"Mama, ni nani wamefika?"

Nikaonyesha tu ile bendera.

"Ee Mungu wangu! Mama, hapa kila mutoto anasoma peke yake, kwa mwendo yake. Akishindwa, anainua bendera, naenda kumusaidia." Akageukia darasa. "Huyu ni mama ya nani?"

Watoto wote wakaniangalia. Mumoja tu aliinamisha kichwa: wa kwangu.