Samaki Wanapata Ubaridi, Binti Yangu Anakosa Pumzi

Admin, naomba unifichie jina, na ukiweka hii usitie picha ya samaki. Lodwar hatuko wengi wenye samaki wasioliwa.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nashona nguo, naishi mtaa wa Nawoitorong na mume wangu na binti yetu wa miaka minne. Nyumba ni chumba kimoja kikubwa. Pazia linagawa pa kulala na pa kukaa, na pa kukaa kuna tangi la kioo la samaki.

Mume wangu alifanya kazi kambi ya wakimbizi ya Kakuma mpaka watu wakapunguzwa. Alirudi nyumbani akawa kimya. Si kimya cha hasira, hicho nakijua, nimeolewa. Hiki kilikuwa cha mtu anayesikiliza kitu ambacho wewe hukisikii. Siku moja nikikata kitambaa akaniuliza kama cherehani yangu inaweza kulea mtoto bila yeye. Aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya sukari. Mkasi ulinitoka mkononi.

Kilichomrudisha ni hilo tangi. Rafiki yake aliyekuwa anahama alimwachia, na samaki wadogo wa rangi ya chungwa ndani. Akaanza kuamka mapema, kuosha mawe, kutazama video za wafugaji wa samaki. Akaanza kucheka. Jirani yetu akiingia anasalimia kwa Kiturkana, "Ejok. Hawa mnakula lini?"

"Hawa ni wa kutazama, mama."

"Kutazama hakushibishi, baba."

Wanacheka wote wawili. Mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwa kila samaki, mmoja mmoja.

Shida ni joto. Hapa maji ya bomba mchana yanatoka karibu kufaa chai. Samaki wakizidiwa wanapanda juu na kufungua midomo. Kwa hivyo mume wangu aliondoa kifuniko, akaelekeza feni ipulize juu ya maji, akatundika magunia yaliyoloweshwa, akafunga madirisha upepo wa moto usiingie. Ikafanya kazi. Chumba kilipoa mpaka majirani wakawa wanakuja kusalimia bila kuwa na salamu. "Samaki wenu wana feni," jirani akasema, "mimi na mzee wangu tunapepeana na kadibodi." Na kwa sababu ubaridi kwetu ni baraka, tulimpa mtoto mahali pazuri kuliko pote: godoro lake tuliliweka kando ya tangi.

Akaanza kukohoa. Kisha kifua kikaanza kupiga filimbi.

Daktari aliniuliza, "Nyumba yenu ina unyevunyevu?" Nikacheka. Daktari, hii ni Lodwar. Naye akacheka. Akasema basi ni vumbi, tufunge nyumba vizuri, akatupa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Nikashona kitambaa cha kuziba hata mwanya wa chini ya mlango. Nilikishona kwa ustadi sana. Mtoto akazidi.

Sikusoma mbali, lakini macho ninayo. Kila asubuhi mume wangu anajazia tangi karibu mtungi mzima. Nikamuuliza maji yanaenda wapi. "Yanapotelea hewani," akasema. Nikajiuliza hewa gani, na mlango nimeuziba mwenyewe. Nikaweka chumvi kwenye visahani viwili, kimoja jikoni nje, kingine nyuma ya tangi. Ya jikoni ilibaki kavu kama mchanga wa laga, mto usio na maji. Ya ndani ilikuwa inalia machozi. Ndipo nikainua godoro la mtoto. Chini yake na ukutani palikuwa na ukungu mweusi wenye manyoya, ule niliowahi kuuona kwa mkate tu.

Nikasugua ukuta, nikafungua madirisha, nikafunika tangi kwa kioo chake. Siku ile mtoto alipumua karibu vizuri. Lakini maji yalipata moto, na mume wangu aliporudi samaki mmoja alikuwa anaelea, tumbo juu. Nikasema nilifunika kwa sababu ya nzi. Hakunigombeza. Alikaa sakafuni amemweka kiganjani, akasema, "Hata hawa wamenishinda." Kile kimya kikaingia tena ndani ya nyumba, nikakitambua. Niliondoa kifuniko mimi mwenyewe. Nikawasha feni.

Siku hizi nalala na mtoto nje kwenye mkeka, nasingizia joto. Huko nje, na vumbi lote la Turkana, anapumua. Lakini mchana jua linaturudisha ndani. Juzi alitaka kuniita akasema "Ma," neno likakatika hapo. Mabega yakawa yanapanda, ngozi inazama katikati ya mbavu, midomo imebadilika rangi. Nilikimbia naye hospitali bila viatu. Wakaniuliza swali lilelile la unyevu, nikasema ndiyo. Daktari hakucheka safari hii. "Ondoeni kinacholeta unyevu, mama. Leo umefika. Siku nyingine unaweza usifike."

Mume wangu hakuwepo. Yuko Kakuma, amefuata tangi la pili. Leo amenipigia na ile sauti ya siku za uchumba wetu.

"Mke wangu, sogeza godoro la mtoto. Hili ni kubwa, linataka ukuta wote."

Nikamuuliza hali yake.

"Niko sawa. Nimeanza kujiona mtu tena."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikasema, "Karibu nyumbani."

Gari linatoka Kakuma kesho asubuhi. Msiniambie niondoe tangi, hilo hata mbuzi angenishauri. Wenye waume waliowahi kunyamaza hivyo ndio nawauliza: mtu anaambiwaje kwamba kinachomfanya aamke asubuhi ndicho kinachomnyima mwanawe pumzi, na kesho yake bado aamke? Binti yangu namtaka, na baba yake namtaka. Nishaurini kabla gari halijafika. Akishuka, neno la kwanza nimwambie lipi?