Mtu wa Nyotani Aliyekula Jemu Yangu

Mwezi uliopita mjukuu wangu anayekaa Kimumu alitoka bafuni amejipaka udongo uso mzima, macho tu yakichungulia. Ati ni dawa ya ngozi, inauzwa mjini kwa vikopo. Kabla sijacheka, harufu ilinifikia: ile harufu baridi ya udongo wa mtoni, yenye majani yaliyooza kidogo na kutu kidogo ndani yake. Papo hapo nikawa mtoto tena, kwenye shamba la Mzungu upande wa Kesses, nimesimama kando ya seng'enge, wivu umenijaa kama gunia la mahindi lililoshonwa mdomo.

Sogeeni niwaambie, maana wivu kama ule haujaonekana tena Uasin Gishu nzima.

Mzungu wetu tulimwita Macho Matatu kwa sababu ya kamera yake ya sinema, ambayo ilikaa usoni pake kuliko pua. Ng'ombe wangeweza kumaliza ngano yote, yeye amelala kifudifudi akipiga picha ya mchwa. Siku hizo mjini, ambako tulikuita Sikisti-Foo, kulikuwa na jumba la sinema ambalo sisi tulilijua kwa ukuta wa nje tu. Mpishi wa Mzungu huyo, Mzee Barasa, ndiye aliyetuletea habari za ndani. Alisema Wazungu wanalipa pesa ili watishwe na watu wanaoshuka kutoka nyotani na kuikuta familia ya mtu mezani. Macho Matatu alizitazama hizo sinema, akarudi nyumbani akasema hata yeye anaweza kutengeneza ya kwake. Familia anayo, Memsabu na watoto wao wawili. Meza anayo. Alichokosa ni mtu wa nyotani.

Chombo cha kutoka nyotani kilikuwa tangi la maji lililotoboka. Lilining'inizwa kwenye mti wa blugamu kwa minyororo ya maksai, likafunikwa kwa mifuniko ya sufuria zote za nyumba ile. Mzee Barasa alipika siku nyingi bila kufunika kitu, na alituapia kwamba moshi wote wa wilaya uliingia kwenye supu.

Kisha tukapangwa foleni, watoto wote wa laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi. Macho Matatu akatwambia kwa Kiswahili chake, "Mutu ya nyota hapana funga macho. Nani naweza angalia mingi, hiyo iko yangu."

Nilijua kazi hiyo ni yangu. Mama alikuwa akisema kwamba nilipozaliwa macho yalitangulia, mimi nikafuata. Tulianza kukodoa. Mmoja mmoja wenzangu walipepesa na kutolewa, mpaka tukabaki wawili, mimi na Simiyu, mtoto wa baba mdogo, ambaye nililala naye jiko moja na kula naye sahani moja tangu tulipoota meno. Hapo nzi akatua kwenye kope langu. Nzi yule, nakwambia, alikuwa mkubwa kama shomoro. Nikapepesa.

Tangu siku hiyo Simiyu alikuwa akiitwa barazani kufundishwa kutembea kama mtu wa nyotani, na kila alipomaliza alipewa kipande cha mkate chenye jemu nyekundu. Angekula huko akanyamaza, ningemsamehe. Yeye alirudi nyumbani na jemu mdomoni, akakataa kuilamba, makusudi niione. Usiku nililia machozi ya kujaza debe. Mama alinisikia akasema, "Nekesa, moto wa wivu haujawahi kuivisha ugali. Lala." Nililala, lakini niliota mkate.

Siku ya kupiga picha ilifika mwezi wa Agosti. Memsabu alimpeleka Simiyu mtoni, akampaka matope kuanzia utosini mpaka kwenye kucha, akamchomeka majani ya mtoni kichwani, ati hizo ndizo pembe za nyotani. Kisha akapita njia ya mkato kurudi mezani, kwa sababu yeye naye alikuwa wa kutishwa.

Sasa, Memsabu hakujua jambo moja. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara kwa watu wetu waliotoka Magharibi. Kwetu, asubuhi ya siku yake, mvulana hupelekwa mtoni akapakwa matope mwili mzima, akachomekwa jani kichwani, kisha husindikizwa nyumbani kwa wimbo mpaka mbele ya kisu, na hapo hatakiwi hata kupepesa jicho. Mama yule wa Kizungu, bila kuuliza mtu, alikuwa ametutengenezea mtahiriwa kamili.

Wanaume waliokuwa wakichimba mtaro waliona kitu kinapanda kutoka mtoni, kimejaa matope, jani liko kichwani, macho yanatazama mbele, hayafumbi. Mmoja akaangusha jembe.

"Si huyo ni mtoto wa Wekesa?"

"Huyu mdogo? Baba yake hata hajapika pombe ya busaa ya sherehe."

"Kijana akiamua mwenyewe, wewe unamuuliza nini?"

Wakaanza wimbo wa kutoka mtoni. Wanawake wakatupa kuni, vigelegele vikapanda. Simiyu alikuwa ameambiwa asicheke, asigeuke, asisimame, aende tu mpaka mezani. Basi alienda, mdomo unamtetemeka, na nyuma yake watu elfu moja. Haya, thelathini. Walikuwa na fimbo, majembe na matawi, wanaruka, vumbi linapaa. Kule mezani Memsabu aliinua uso kutoka kwenye kikombe chake cha chai akapiga ukelele ambao haukuwa wa sinema. Watoto wake waliingia chini ya meza. Macho Matatu peke yake ndiye aliyefurahi. Alikuwa amepata jeshi zima la nyotani bila kulipia mtu hata mkate, na huku akizungusha kamera akatuita, "Kuja! Kuja yote! Hapana simama!"

Baba mdogo Wekesa alipasua umati akamshika mwanawe bega.

"Simiyu. Nani amekutuma mtoni?"

"Ni ya sinema, baba," Simiyu akasema, halafu akatimua mbio akaingia ndani ya tangi, na mifuniko ikalia kama kanisa la siku ya Pasaka.

Wanaume walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini mzee mmoja alijifuta machozi akasema, "Chekeni, lakini hakupepesa." Na wote wakaitikia kwamba kweli, hakupepesa. Neno hilo lilinichoma kuliko jemu. Mkate alikuwa amekula, sinema alikuwa ameingia, na sasa akapewa na sifa ya uanaume kabla ya siku yake. Mimi nilikuwa pale kando ya seng'enge, mikono kiunoni, mdomo nimeubinua hadi karibu uguse pua, namtazama kila tone la tope.

Jumapili moja tuliitwa kwenye stoo ya mahindi kuona kazi yetu. Madirisha yalizibwa kwa magunia, shuka likatundikwa ukutani, Wazungu mbele kwenye viti, sisi nyuma sakafuni. Chai ya Memsabu ilipotokea kwenye shuka, nilijua Simiyu anafuata. Sikuweza. Niliuzika uso kwenye leso ya mama na kuziba masikio. Hata hivyo nilisikia stoo ikilipuka kwa kicheko na watu wakiita, "Nekesa! Nekesa!" na tumbo la mama likiruka chini ya paji langu. Nikajua wananicheka kwa kuwa nilishindwa. Nilibana macho zaidi.

Tangu hapo kila nilipopita kuchota maji, watu walinibinulia midomo na kuweka mikono kiunoni. Nilipigana na watoto wote wa laini ile, na wawili wa shamba jirani. Simiyu naye aliacha kuongea nami. Nikasema, ndiyo hivyo, ameshakuwa mtu mkubwa, ana maringo.

Miaka ilienda. Macho Matatu aliuza shamba akaondoka na mikebe yake ya filamu. Mimi niliolewa, nikazaa, na uzeeni nikaingia masomo ya ngumbaru, nikahitimu nikiwa na wajukuu. Mwalimu wetu wa jioni alipotufundisha kwamba nyota ziko mbali mno, hakuna aliyewahi kutoka huko, nilinyoosha mkono nikamwambia yuko mmoja, alikula jemu yangu.

Simiyu nilimkuta Yamumbi, kwenye harusi ya bintiye, mvi zimemjaa. Tulikaa kando na chai zetu. Nikamwambia, kwa mzaha tu, jinsi nilivyomwonea wivu. Aliweka kikombe chini.

"Wewe unionee mimi wivu? Nekesa, mimi niliacha kula kwa sababu yako."

"Kwa sababu gani?"

"Kwani hukuona? Mimi nilikuwa tope linalotembea. Mama yangu mzazi aliuliza, huyo ni nani? Halafu wewe ukatokea kando ya seng'enge, uso wote wazi, mdomo umeubinua, na stoo nzima ikaita jina lako. Macho Matatu alirudia hapo mara tatu. Mimi nilikaa juani na matope yakikauka, sinema ikawa yako."

Nilimwambia sikuona. Nilimwambia nilikuwa nimefumba macho. Alinikodolea macho bila kupepesa, kama zamani.

"Nilikuwa nimevaa nini?" nikamuuliza.

Akaniambia yote. Gauni la maua lililofupishwa, pini begani mahali pa kifungo, goti moja na jivu, na jinsi upepo ulivyoinua pindo nami nisijali. Alisema anaiona mpaka leo. Sina picha nyingine ya utoto wangu, hata moja. Hiyo niliyo nayo ilitunzwa na Simiyu, na wivu ndio uliomfanya aitazame vile.

"Na mimi?" akauliza, sauti imeshuka. "Mimi sikuwahi kujiona. Nilikuwaje, nikipanda kutoka mtoni?"

Basi nilisogeza kiti changu nikaanza na jani la kichwani, lilivyoinamia sikio la kushoto.