Barua ya Kuacha Kazi Ambayo Sikuiandika

Jamani, leo bosi kanipa barua ya kuacha kazi. Imeshachapwa, na jina langu juu!

Mimi ni wa mapokezi, hoteli moja hapa Moshi. Tangu ajue nina mimba, kanihamishia stoo kubeba magunia ya mkaa.

"Saini tu, dada. Umeacha kwa hiari."

Nikatoka nje, nikampigia mama mmoja wakili, tunasali naye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usisaini hiyo! Ukiondoka, andika mwenyewe kilichokuondoa, uwe ushahidi."

Nikarudi. Nikageuza karatasi, nikaandika yote: mimba, stoo, magunia.

Bosi akasoma.

"Hii siipokei."

"Basi andika kwamba umeikataa."

Akanirudishia karatasi. Kalamu hakuigusa.

"Rudi mapokezi kwanza, tutaongea."

Sijarudi. Niko kwa wakili, karatasi nimeishika.

Nyie mngerudi?