Theluji Kaburini Mkolani

Sisi tunaokosa misiba ya mtaa wa pili kwa kusingizia manyunyu, tusikie hili.

Jumamosi tulimzika jirani yetu Mkolani. Binti yake yuko Ulaya. Theluji ilifika kifundo cha mguu tu, lakini ndege zikazuiwa kuruka, akakwama. Shangazi yake akamnyooshea simu juu ya kaburi, aone mazishi kwa video.

Mchungaji akaita watoto wa marehemu watupe udongo.

"Shangazi, huku udongo hauonekani," binti akasema. "Kote ni theluji."

"Tupa hiyo hiyo, mwanangu. Baba ataipokea."

Akainama, akachota, akairusha kuelekea kwetu. Kioo cha simu kikawa cheupe. Shangazi akakifuta kwa kitenge chake, akafuta tena, kikabaki cheupe.